Ahamie Dar, au Asome Akiwa Mbeya?

Barua za udahili zikitoka, nyumba nyingi za watumishi wa mikoani hugeuka mabaraza. Mmoja wao amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Chuo kimemkubali, mfuko haujasema kitu. Ndugu wanagawanyika: wapo wanaosema bahati haiji mara mbili, na wapo wanaosema bahati isiyo na nauli ni mzigo.

Hoja iliyoletwa mezani ni hii: “Mtumishi wa kipato cha kawaida asihamie Dar es Salaam kusoma uzamili.” Wasemaji wanne wafuatao, pamoja na Mwenyekiti anayewaongoza, ni wa kutungwa, lakini wanayoyasema husikika katika vyumba vya walimu na vibarazani. Mwalimu anafundisha Kiswahili katika sekondari moja mkoani Mbeya. Ana mke na watoto wawili, na ameitwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhasibu ndiye mleta hoja. Yeye alipata uzamili wake Chuo Kikuu Huria bila kuacha meza yake ya kazi. Mtafiti anaipinga hoja; alihama kutoka Kigoma na sasa yuko mwaka wa pili. Mama Mwenye Nyumba anapangisha vyumba Msewe, jirani na chuo.

MWENYEKITI: Mhasibu, hoja ni yako. Itetee.

MHASIBU: Ahsante, Mwenyekiti. Mimi naanzia kwenye hati ya mshahara. Mwalimu aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Weka juu yake kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya. Kama alichukua na mkopo wa benki akaezekea nyumba, basi ameshaikaribia ile theluthi moja ya mshahara ambayo makato hayatakiwi kuigusa. Mtu wa namna hiyo anaposema anahamia Dar, namuuliza: kwa fedha ipi? Mikopo ya Bodi imeelekezwa zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wa uzamili wengi hujilipia. Ada ikimbana anakwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, na akishaingia huko, shahada ataipata akiwa hana hata kiti cha kukalia sebuleni.

MWALIMU: Kaka, hapo umeisoma hati yangu kabisa.

MHASIBU: Na njia nyingine ipo, mwalimu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, kwa ajili ya watu kama wewe: wenye kazi, familia na kiu ya kusoma. Kina vituo mikoani, Mbeya ikiwemo. Unasoma usiku, asubuhi unaingia darasani kufundisha, mwisho wa mwezi mshahara unaukuta ulipo. Kwa nini ukaungane na watu zaidi ya 5,300,000 waliohesabiwa Dar katika sensa ya 2022, wote wakitafuta chumba na usafiri?

MTAFITI: Naomba nafasi, Mwenyekiti. Kaka Mhasibu anahesabu vizuri kinachotoka, lakini hajahesabu kinachoingia. Huria ni chuo halali na shahada yake ni shahada, sina neno. Ila mwalimu hakuomba shahada yoyote ile, ameomba uzamili wa Kiswahili. Sasa tuangalie kilichopo huko anakoitwa. TATAKI iliundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Idara ya Kiswahili na ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na ambayo mizizi yake inafika hadi Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Wasomi wa pale wameshiriki kutunga istilahi tunazofundishia Kiswahili shuleni. Maktaba mpya ya chuo, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Upo mkusanyo wa Afrika Mashariki wenye machapisho ya zamani ambayo hutayakuta Mbeya, wala kwenye simu yako. Ukishuka mjini kuna Nyaraka za Taifa Upanga, kuna Maktaba Kuu ya Taifa, kuna Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mtu wa Kiswahili ukimnyima hayo yote kwa ajili ya kodi ya chumba, umemnyima kisima.

MHASIBU: Dada, vitabu vinapigwa picha siku hizi.

MTAFITI: Vinapigwa. Mjadala wa baada ya semina haupigwi picha. Walter Rodney alikuwa akifundisha chuoni hapo Mlimani kitabu chake kuhusu Ulaya na kudumaa kwa Afrika kilipotoka mwaka 1972. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale kati ya 1967 na 1970, na siasa aliyoifanya na wanafunzi wenzake nje ya darasa ndiyo inayosimuliwa hadi leo. Chuo ni watu unaokutana nao. Mimi wazo la tasnifu yangu sikulipata kitabuni. Nililipata kwenye benchi nje ya ukumbi, baada ya mwenzangu kuniambia kwamba swali langu limeshajibiwa na mtu mwingine.

MHASIBU: Enzi za Museveni mwanafunzi alilala bwenini. Hakumlipa dalali.

MWENYEKITI: Wasikilizaji, tulieni. Na hapo kwenye dalali ndipo mjadala unapotakiwa kwenda. Mama, wewe unapokea watu hawa kila Oktoba. Wanakuja na nini?

MAMA MWENYE NYUMBA: Wanakuja na begi, barua ya chuo, na hasira ya kodi ya miezi sita. Wanangu, mnanilaumu bure. Mpangaji wa mwezi mmoja mmoja akikwama mwezi wa tatu, nitamfuata wapi? Ile miezi sita ndiyo inayonitilia bati na kunilipia ada ya mjukuu. Lakini mimi si jiwe. Mtu mzima akija mwenyewe, akakaa kitako tukazungumza, akanionyesha barua ya chuo na mahali anapofanya kazi, nampokea kwa miezi mitatu. Wanaoshindwa ni wale wanaomtuma dalali aniongeleshe. Dalali anataka mwezi wake mmoja, na hana sababu ya kukupunguzia wewe.

MWALIMU: Shikamoo, mama. Hebu tuitaje hiyo hesabu wazi. Mtu aje na shilingi ngapi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Marahaba, mwanangu. Bei zinatofautiana mtaa kwa mtaa, hata nyumba kwa nyumba. Mwachie mhasibu apige, ndiyo kazi yake.

MHASIBU: Tuchukue mfano tu. Chumba kiwe cha 100,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 600,000, na dalali 100,000. Jumla 700,000 kabla hujanunua godoro, mtungi mdogo wa gesi, ndoo na feni. Na feni usiiruke: mtu wa Mbeya akilala Dar mwezi Januari bila feni, kesho yake darasani anasinzia. Hiyo ni fedha ya siku ya kwanza, mwalimu. Ada bado, chakula bado, na kule nyumbani kuna watoto wanaotaka kula.

MWALIMU: Ndiyo maana nikafikiria kwenda mbali kidogo. Huko nje ya mji nasikia hata 60,000 unapata chumba.

MTAFITI: Hapo wengi huangukia. Kaka, chukua tena kalamu. Chumba cha mbali kinampunguzia mwalimu 40,000 kwa mwezi. Lakini atapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tuseme kila gari ni 600: kwa siku ni 2,400. Akienda chuo siku 22 kwa mwezi, ni 52,800. Amepunguza 40,000, ametumia 52,800. Na hapo sijahesabu foleni, kusimama njia nzima, na kurudi nyumbani huna nguvu ya kufungua kitabu. Anayekaa Msewe, Changanyikeni au Savei anakwenda kwa miguu, na maktaba anakaa hadi jioni.

MHASIBU: Dada, siku 22 ni za mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Ratiba ya uzamili mara nyingi ni vipindi vya siku chache kwa wiki. Weka siku tatu, yaani siku 12 kwa mwezi: nauli ni 28,800. Hapo wa mbali ameokoa 11,200.

MTAFITI: Ameokoa 11,200 na amepoteza maktaba siku nne za wiki. Sasa amehamia Dar kufuata nini? Kama ni vipindi tu, bora angebaki Mbeya kama unavyotaka wewe. Halafu mimi ni mwanamke. Kutoka maktaba usiku na kwenda kugombania gari Ubungo si jambo la kuhesabia shilingi peke yake.

MWENYEKITI: Niseme neno moja hapa. Hesabu zote mbili ni sahihi, kwa hiyo chumba hakichaguliwi kwa kodi yake peke yake. Kwanza iulizwe ratiba: siku ngapi, saa ngapi. Ndipo utafutwe mtaa. Mwalimu, wewe huna ndugu Dar?

MWALIMU: Shangazi yupo Mbagala. Ameshasema nikifika nisihangaike kutafuta chumba.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nenda, mwanangu, lakini ujue unakwenda vipi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa, chukua jembe mwenyewe. Umeme wa Luku ukikata, nunua wewe. Unga ukiisha, leta. Shangazi hatakudai kodi, ila nyumba ya shangazi ina msiba, ina harusi, ina watoto wanaotaka kufundishwa hesabu usiku. Kwa miaka miwili hutasoma. Kwa mwezi mmoja, inakufaa sana.

MTAFITI: Inamfaa kwa sababu moja kubwa: anapata muda wa kutafuta chumba kwa macho yake. Wanaotuma fedha kabla ya kufika ndio wanaokuta chumba kimoja kimelipiwa na watu watatu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kabla hujatoa shilingi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza: nyumba hii ni ya nani? Mkataba uandikwe, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Uliza na majirani mambo mawili. La kwanza Luku: mita ni ya peke yako au mnachangia wapangaji watano? Mimi nimeshaamua ugomvi mwingi wa friji ya mtu mmoja kwenye mita ya wote. La pili maji ya mvua. Mnakuja Oktoba ardhi kavu, mnaona chumba cha bondeni bei nafuu, mnafurahi. Masika ikifika Machi, godoro linaelea.

MWALIMU: Chakula je?

MTAFITI: Hilo halina mjadala mrefu. Kula kwa mama ntilie mchana ukiwa na haraka, usiku pika. Wewe unatoka Mbeya bwana! Basi likikushusha Mbezi, ushuke na mchele, maharage na gunia la viazi. Miezi miwili ya mwanzo hutanunua chakula kikavu.

MHASIBU: Mwenyekiti, nimekubali chumba, nimekubali maharage. Lakini kuna jambo ambalo dada Mtafiti hajalisema, na yeye ndiye analijua kuliko sisi sote. Yuko mwaka wa pili. Atuambie fedha zake ziliisha lini.

MTAFITI: Swali la haki. Ziliisha vipindi vya darasani vilipoisha. Nilikuwa nimepanga kila kitu: ada, kodi, nauli, chakula, hata vocha. Nilipanga mpaka mtihani wa mwisho. Tasnifu niliiona kama kazi ya kuandika tu, na kuandika nikadhani hakuna gharama. Kumbe kuna kibali cha utafiti cha kufuatilia, barua za kupeleka mkoani na wilayani, nauli ya kwenda kukusanya data, kunakili mahojiano, kuchapa nakala. Na zaidi ya hayo yote kuna kusubiri. Unapeleka sura ya pili, msimamizi ana wanafunzi wengine, unasubiri maoni yake. Na wakati unasubiri, kodi ya miezi sita mingine imefika.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kweli kabisa. Wapangaji wangu wa uzamili hawanisumbui mwaka wa kwanza. Wa pili ndio wananikwepa mlangoni.

MHASIBU: Na vyuo vingi hutoza ada ya kuongeza muda ukichelewa. Bandu bandu huisha gogo. Basi hoja yangu imesimama: asihame.

MWENYEKITI: Polepole, Mhasibu. Dada, ulipokuwa unasubiri maoni ya sura ya pili, Dar ulikuwa unafanya nini?

MTAFITI: Kusema kweli, nilikuwa nalipa kodi. Sura nilizituma kwa barua pepe na maoni yakarudi kwa njia hiyohiyo. Data yangu ilikuwa Kigoma. Vitabu nilivyohitaji nilikuwa nimeshavisoma na kunakili mwaka wa kwanza.

MWENYEKITI: Kwa hiyo mwaka wa vipindi ulilihitaji jiji, na mwaka wa tasnifu jiji halikukuhitaji wewe.

MTAFITI: Nilibaki kwa sababu nilidhani aliyehama ni lazima akae hadi joho. Tena kurudi nyumbani bila cheti ni aibu. Watu wanauliza, umefukuzwa?

MHASIBU: Hapo dada umenigusa. Kama mtu anahama kwa kipindi cha masomo ya darasani peke yake, halafu anarudi kwenye paa lake na mshahara wake kuandika, hesabu yangu inabadilika. Sisemi imekuwa nyepesi. Inabebeka.

MWALIMU: Kwangu ingebebeka zaidi, maana nataka kuchunguza jinsi Kinyakyusa kinavyoathiri uandishi wa Kiswahili wa wanafunzi wa sekondari. Data yangu iko darasani kwangu na shule za jirani. Kwenda kuikusanya ni kupanda bodaboda.

MTAFITI: Basi hiyo mada imekulipia nusu ya utafiti kabla hujaanza. Ishikilie. Na ukifika, soma mwaka wa kwanza kana kwamba mlango wa maktaba utafungwa mwezi Julai. Nakili kila utakachokihitaji. Mjue msimamizi mapema, mkubaliane atakavyosoma kazi yako ukiwa mbali. Msimamizi aliyekuona semina kila wiki atakujibu haraka kuliko yule anayekujua kwa jina tu.

MHASIBU: Kuna na mwajiri. Mwalimu, usiondoke bila ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Utoro kazini ni kosa la kinidhamu, na hakuna shahada inayofuta kosa hilo. Ukiwa na ruhusa, ujue pia kama mshahara unaendelea na kwa masharti gani. Usihame kwa maneno ya mtu wa kwenye korido.

MWALIMU: Mke wangu ameniuliza swali moja tu: nikiondoka, jiko la Mbeya litawaka kwa fedha ipi? Nilikuwa sina jibu. Nyumba mbili kwa mshahara mmoja kwa miaka miwili, siwezi. Kwa miezi kumi, tukikaa chini tukapanga, na yeye akachukua zamu yake ya kijumbe mwezi wa ada, naona mwanga.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mkataba uupange hivyohivyo. Usichukue miezi 12 kwa tamaa ya kupunguziwa. Chukua inayoishia na muhula wako. Ukiondoka vizuri, ukirudi kutetea tasnifu siku mbili tatu, hutakosa pa kulala kwangu.

MWENYEKITI: Nafunga mjadala.

Hoja kama ilivyoletwa imeanguka, lakini aliyeiangusha hakuondoka na ushindi mkubwa. Mhasibu yuko sahihi kwamba hati ya mshahara ndiyo mlango wa kwanza, na kwamba Chuo Kikuu Huria si chuo cha walioshindwa. Ni jibu kamili kwa mtu ambaye fani yake haidai maktaba maalumu, au ambaye nyumba yake haiwezi kukaa bila yeye hata mwaka mmoja. Mtafiti yuko sahihi kwamba kwa baadhi ya fani jiji ni sehemu ya somo, na Kiswahili ni mojawapo. Wote wawili walikuwa wakibishania miaka miwili kama kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mwaka wa vipindi hudai uwepo chuoni. Mwaka wa tasnifu hudai muda, utulivu na fedha ya kusubiria, na hivyo vitatu kwa mtu wa mshahara mdogo hupatikana nyumbani kwa bei nafuu kuliko Msewe.

Kwa hiyo mwenye barua ya udahili mkononi aanze bajeti yake kutoka mwisho. Mstari wa kwanza uwe fedha ya tasnifu: kibali, nauli ya data, uchapaji, na miezi ya kusubiri. Fedha hiyo iwekwe mahali ambapo mwenye nyumba hataifikia. Kinachobaki ndicho cha kuhamia nacho: ada, chumba cha kutembea kwa miguu kama ratiba ni ya siku nyingi, chumba cha mbali kama ni ya siku chache, na mkataba unaokwisha na muhula. Kikibaki kidogo kisichotosha hata muhula mmoja, aombe kuahirisha udahili mwaka mmoja, ajiwekee akiba, au aingie Huria bila kuona haya.

Vyuo navyo vina deni katika jambo hili. Ratiba ya uzamili itolewe kabla mwanafunzi hajalipa kodi, si wiki ya pili baada ya kuripoti. Na msimamizi akumbuke kwamba sura inayolala mezani kwake miezi mitatu, mwanafunzi anailipia chumba.

Mwalimu ahamie Dar. Vipindi vikiisha, arudi Mbeya akaandike.